Mvua ya Alhamisi

"Ni kwa ajili ya bima?" karani aliuliza bila kuinua macho.

"Ni kwa ajili ya mume wangu."

Karani akainua macho. Wanaofika kwenye ofisi ya kumbukumbu za hali ya hewa ni mawakili, wakandarasi na watu waliozamishiwa magari na mafuriko. Mwanamke huyu alikuwa amepanda ngazi hadi ghorofa ya sita, anahema, na alichotaka ni kimoja tu: kujua kama Alhamisi jioni, upande wa viwandani, mvua ilinyesha kweli au alikuwa anafanywa mjinga.

"Alhamisi ipi?"

"Zote za mwezi uliopita. Kila Alhamisi bwana anarudi usiku, eti mvua imemkwamisha kazini. Kwangu vumbi linatimka! Nikimuuliza, ananiambia mvua ya siku hizi inachagua mtaa."

"Hilo hutokea kweli," karani alisema kwa upole. Alikuwa mwanamke wa miwani na sweta la kijivu, sauti yake ya kubembelezea mtoto. "Kipimo chetu cha mvua kiko uwanja wa ndege, hakijui ya viwandani. Lakini rada inaona kila mtaa, na picha zake tunazihifadhi. Penye kijani ni manyunyu. Penye nyekundu ni mvua yenyewe."

"Basi nitafutie hiyo nyekundu, dada. Nguo zake nimeshazifunga, mabegi yako mlangoni. Kama hakukuwa na mvua, leo hii analala kwingine."

Wivu ulikuwa umemkaba hata chakula hakipiti. Aliyemshuku ni msusi wa pale kona, yule wa kuchekacheka na waume za watu, na kila akifumba macho aliwaona wawili hao wanamcheka yeye. Yote hayo aliyamwaga pale kaunta, wala hakuona haya.

"Mumeo anafanya kazi gani?" karani aliuliza.

"Fundi lifti. Hata hii yenu iliyokufa leo, anayeitengeneza ni yeye. Kila wiki yuko hapa, na kila wiki mbovu! Ufundi gani huo?"

Karani hakucheka. Aliivuta skrini upande wake, akaanza kufungua picha moja baada ya nyingine, huku mgeni wake amejinyoosha juu ya kaunta na haoni ila mgongo wa kompyuta.

"Ilinyesha," karani alisema hatimaye.

"Alhamisi gani?"

"Zote. Nyekundu tupu. Asingeweza hata kuvuka barabara."

Mwanamke alijishika kichwa. Ee Mungu wangu! Mwezi mzima kamnunia mtoto wa watu, kamwekea chakula kilichopoa, na leo mabegi mlangoni. Alicheka, akalia kidogo, akacheka tena.

"Wanawake wote wangekuwa kama wewe, dada, tungelala usingizi. Hebu nichapie hizo picha niende nazo."

"Printa inasumbua leo. Lakini neno langu si unalo? Nenda karudishe nguo za mumeo kabatini."

Alikuwa ameshashika mkoba aondoke alipokumbuka jambo.

"Nifanyie moja ya mwisho, tafadhali. Jumamosi iliyopita, jioni. Hiyo sina wasiwasi nayo, ila kwetu kulikuwa na kikao cha familia na yeye hakutokea. Kaka yangu amevimba mpaka leo. Nataka nimwonyeshe kwamba shemeji yake alikwama, nimzibe mdomo. Nitaipiga picha hapo hapo kwa simu."

Vidole vya karani vilisimama juu ya kibodi.

"Jumamosi? Kwani Jumamosi hakuwa na wewe?"

"Si nakwambia mvua! Kule kule viwandani."

Karani alifungua picha. Akaitazama. Akaisogeza mbele saa nzima, akairudisha nyuma, akaisogeza tena, na midomo yake ikaanza kucheza. Mwanamke alidhani mashine imeharibika.

"Imegoma?"

Karani aliigeuza skrini kwa nguvu hadi ikaangusha kopo la kalamu. Ramani ya mji mzima ilikuwa nyeusi, haina hata doa la kijani. Kisha, bila kuombwa, akafungua Alhamisi ya kwanza, na iliyofuata, na zilizobaki zote. Nyeusi vilevile. Hata tone halikuanguka.

"Sasa mbona uliniambia ilinyesha?" mwanamke aliuliza.

Karani alivua miwani. Machozi ya hasira yalikuwa yanamchuruzika.

"Alhamisi najua alikuwa wapi, dada," alisema. "Lakini Jumamosi, hata mimi aliniambia ni mvua."