Siku ya Nyanzala

Kila mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa hupewa kadi yenye siku ambayo kifafa chake kitaanza, na sheria inamtaka mzazi amwambie mtoto mapema. Nyanzala alikosa hewa dakika saba wakati wa kuzaliwa, ubongo wake ukabaki na kovu. Kadi yake ilisema: baada ya miaka sita, Jumanne, saa tisa alasiri.

Miaka yote hiyo mama yake, Limi, hakumruhusu kukimbia wala kusogelea jiko. "Subiri siku yako ipite," alimwambia kila alipolia.

Jumanne ilipofika, Limi alitandika magodoro sebuleni. Nyanzala akajilaza, amevaa gauni lake la sikukuu.

"Itauma, mama?"

"Hutajua, mwanangu."

Saa tisa na dakika nne macho yakampinduka, mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kutikisika kwa nguvu. Limi alimlaza ubavu, akamfuta povu, akawa anahesabu sekunde kwa sauti kama alivyofundishwa, machozi yakimdondokea mtoto shingoni. Alifika mia moja na thelathini, mwili ukatulia.

Ilipita saa nzima ndipo Nyanzala akafumbua macho. "Imeshapita?"

"Imepita."

"Kwa hiyo kesho nitabembea na wenzangu!"

Simu ya Limi ikalia. Zahanati ilikuwa imemtumia tarehe nyingine kumi na nne, za mwaka huo tu. Hakuwahi kuwa na moyo wa kumwambia mtoto kwamba hii ilikuwa ya kwanza tu.

"Utabembea," alijibu, akaizima simu upesi, maana Nyanzala alikuwa ameanza kujua kusoma.