Mlango Uliomkataa Rugemalira

Siku hizo, mjini Bukoba, kila mlango wa nyumba ulinusa pumzi ya mtu kabla ya kufunguka. Jioni moja mlango ulimkataa Rugemalira, mwenye nyumba mwenyewe.

"Una kirusi nisichokijua," ulisema.

"Mama Asimwe, nifungulie! Ni kikohozi tu."

Mkewe, Kokugonza, daktari wa mapafu, alitamani sana kumfungulia. Badala yake alivaa barakoa, akatokea mlango wa nyuma, akamchukulia sampuli ya kooni na kumpeleka wodi ya peke yake. Maabara ikathibitisha kwamba ni kirusi kipya cha korona, na Rugemalira ndiye mgonjwa wa kwanza kutambuliwa. Wote waliokutana naye wakapimwa, walioambukizwa wakatibiwa mapema, na hakufa hata mmoja.

Siku aliporuhusiwa kurudi, mtaa mzima ulimpokea kwa ngoma na vigelegele. Mlango ukafunguka. Kokugonza alilia kwa furaha.

"Tumekishinda, baba Asimwe!"

Rugemalira akapiga magoti, akamnyooshea mikono binti yake mdogo. Asimwe hakusogea.

"Baba, pumua kwanza."

Akapumua. Mtoto akasogeza pua, akanusa kwa makini, ndipo akamkumbatia.