Mkono Uliochuma Machungwa

Kila asubuhi mtaalamu wa viungo alimvisha fundi seremala miwani mikubwa ya picha iliyomziba macho, akamfunga bangili kwenye mkono uliopooza, kisha akatoka. Bangili ikisogea, fundi huona ndani ya miwani mkono wake ukichuma machungwa.

Mlango ukifungwa tu, mkewe humvua bangili na kuivaa yeye. Mkono ule hauhisi kitu. Walishaambiwa kwamba fundi asipoonyesha nafuu mwezi huu, nafasi yake ya matibabu atapewa mwingine.

“Machungwa kumi na mbili!” fundi alichekelea leo. “Mama watoto, tafuta mbao. Mwezi ujao nashika randa.”

Mkewe aliutazama mkono wenyewe. Ulikuwa umelala pajani, kiganja juu, sugu za randa zimeanza kulainika. Chozi likamtoka, akalifuta upesi, bila kufikiri, kwa mkono uliovaa bangili.

Fundi akarudisha kichwa nyuma. Ndani ya miwani, mkono ulikuwa umeyaacha machungwa na kumjia usoni.

“Mbona mkono unanifuta machozi,” akauliza taratibu, “na mimi silii?”

Mkewe akaishika ile bangili.

“Ni mkono wangu, baba watoto. Wako haujainuka hata siku moja.”