Kitanda cha Mvule

Mnunuzi alikipapasa kitanda cha mvule, akataja bei. Twalibu alitikisa kichwa. Pesa hizo hazikufikia ada ya kwanza ya nyumba aliyomchagulia baba yake, inayotunza wazee wenye ugonjwa wa kusahau.

Baba, aliyekichonga kitanda hicho alipooa, alisogea. "Kijana, mbona unauza kitu kizuri hivi?"

"Nataka kumlipia baba yangu atunzwe vizuri, mzee."

Mzee akamgeukia mnunuzi. "Umesikia, bwana? Mwongezee. Watoto kama huyu wamebaki wangapi?"

Mnunuzi akacheka kwa haya, akaongeza.

Mzee akainama, akashika upande wa kichwani, akamngoja Twalibu. "Haya, shika huko miguuni. Taratibu mlangoni, kijana. Hakipiti mpaka kilazwe ubavu."