Kinasa cha Zamani

Fundi Mbaruku alikwisha kufunga kinasa sauti kipya, kile kidude cha kupeleka mlio kwenye spika, chini ya nyuzi za gitaa. Bi Sikudhani akalipiga gitaa hilo la marehemu mumewe. Sauti ikatoka nyororo, bila mkwaruzo hata chembe.

"Umesikia, shemeji? Kile cha zamani kinakoroma kama mzee mwenye pumu."

"Kirudishe kwanza, nilinganishe."

Fundi akaguna, akakirudisha. Sauti ikawa nzito, yenye vumbi. Kila kidole kilipogusa ubao, spika ilinguruma.

"Nta inayoshika waya za ndani imepasuka. Kinanasa hata maneno ya watu."

Sikudhani alijua. Jukwaani, kati ya wimbo na wimbo, marehemu Abeid alikuwa akiinamia nyuzi na kumwita mkewe kupitia humo humo.

"Kesho ndiyo mara yako ya kwanza kupiga arusini," Mbaruku akasema. "Kitakuaibisha. Nikitupe?"

Sikudhani akalivuta gitaa karibu. Akainama mpaka nyuzi zikamgusa midomo.

"Abeid," akanong'ona.

Jina likatoka kwenye spika, likajaa chumba kizima, kisha likazimika. Wote wawili wakabana pumzi. Mikono ya Sikudhani ilikuwa hewani, mbali na gitaa, na nyuzi zikaanza kutetemeka zenyewe.