Kororo Aliyehitimu Kulishwa

Enzi zile ndege walipokuwa na makao ya yatima, makao ya Bibi Korongo yalisifiwa kwa usafi. Makinda walilishwa mdomoni, na aliyethubutu kuchakura ardhi alichapwa, maana wafadhili hupenda kuona uwanja uliofagiwa.

Humo alilelewa Kororo, ndege afananaye na kanga, ila yeye ana kishungi kichwani. Alipokua, Bibi Korongo alimvika shada la maua, akahutubu kirefu juu ya kujitegemea, kisha akamtoa nje na kufunga lango.

Siku tatu Kororo alisimama mdomo wazi, akingoja kulishwa, huku mchwa wakimpita miguuni. Siku ya nne njaa ilimshinda, akabisha hodi.

“Shikamoo, Bibi. Huku nje anayelisha ni nani?”

Bibi Korongo akatoka na wafadhili wake. “Mnawaona vijana wa siku hizi? Wavivu! Hizo kucha ni za urembo? Chakura!”

“Kuchakura ndiko kufanyaje, Bibi?”

Wafadhili wakaguna. Kwa aibu, Bibi Korongo akaparuza ardhi kumwonyesha, lakini yeye maisha yake yote alikula vya makapu ya wafadhili, akaambulia vumbi tu. Kororo akamwiga, akazidisha nguvu, akafukua kichuguu kizima. Akala hadi macho yakamrudia.

Ndipo akamtazama mlezi wake kwa huruma.

“Pole, Bibi,” akasema. “Kumbe nawe ulilelewa humu humu?”