Kichwa cha Treni cha Januari

Hiki kichwa cha treni nilikinunua dukani kikiwa cha kuchezea tu. Nimekata paa, nikahamisha bomba la moshi, nikapaka rangi mara tatu mpaka kikafanana na kile cha dizeli nilichoendesha.

Leo nilimwita Kavutha aje akione hapa kwangu Kitengela, sijui kwa nini. Mumewe alifia ndani ya pikapu niliyoigonga kwenye reli pale Kajiado, Machi tisini na saba.

Alikishika, akapitisha kidole gumba upande wa mbele.

“Mzee, si hapa palibonyea?”

“Nimekitengeneza vile kilikuwa Januari ya mwaka ule.”

Kidole chake hakikutoka pale.

“Januari mume wangu alikuwa nyumbani,” alisema, akakifunga kichwa cha treni kwenye leso yake.